Jinsi ya Kufuatilia Nyayo za Wahindi Nchini Uganda

Mtu anayefika Kampala akitaka kujua Wahindi wameacha nini nchini Uganda kwa kawaida hupelekwa moja kwa moja hekaluni. Hupiga picha za minara, huvua viatu, huvivaa tena, kisha huondoka akiamini kwamba kazi imekwisha. Mwongozo huu unapendekeza njia ya kinyume. Hekalu na lingoje hadi karibu na mwisho, na safari ianzie kwenye vitu ambavyo Mganda, Msoga au Mnyankole havihesabu tena kuwa ni vya Kihindi, kwa sababu amevila, amevivaa na kuvitamka tangu utotoni. Kitu ambacho bado kinaitwa cha Kihindi kimebaki mlangoni. Kile kilichopoteza jina hilo ndicho kilichoingia ndani na kuketi.

Siku nne zinatosha kwa anayeanza: mbili za Kampala, moja ya njiani kuelekea Jinja na moja ya Jinja yenyewe. Beba daftari, kitambulisho, kitambaa cha kufunika kichwa na soksi safi, kwa kuwa utavua viatu mara nyingi kuliko unavyodhani.

Tenganisha kwanza mikondo ya watu

Kosa linalorudiwa sana ni kusema kwamba Wahindi wa Uganda ni wajukuu wa vibarua wa reli. Ni kweli kwamba ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani, mahali panapoitwa leo Kisumu, mwaka 1901, na kwamba kwa kazi hiyo Waingereza walileta takriban watu 32,000 kutoka India, wengi wao kutoka Punjab. Takriban 2,500 kati yao walifia kazini, na wengi wa waliosalia walirudi kwao mikataba ilipokwisha. Waliobaki Afrika Mashariki hawakufika 7,000. Tena reli yenyewe, pamoja na jina lake, haikufika Kampala hadi mwaka 1931.

Walioijaza miji ya Uganda maduka ni watu wa mkondo mwingine. Hao walitoka Gujarat na Kutch, magharibi mwa India, walijilipia nauli, na wengi wao walipitia Zanzibar au Mombasa, ambako tayari walikuwa na ndugu na jamaa. Mfano unaojulikana kuliko yote ni Allidina Visram, Mwismailia (Mwislamu wa Kishia anayemfuata Aga Khan) wa Kutch aliyefika pwani akiwa kijana mdogo, akafanya biashara Bagamoyo na Zanzibar, kisha mwishoni mwa karne ya 19 akafungua duka Kampala na kutandaza matawi yake katika vituo vingi vya bara hadi alipofariki mwaka 1916. Mkondo wa tatu ni wa Wagoa, yaani watu wa Goa, sehemu ya India iliyotawaliwa na Ureno, Wakristo Wakatoliki waliokuwa raia wa Ureno, ambao wengi wao walikuwa makarani, wapishi na washonaji. Mkondo wa nne ni wa waliokuja kuanzia miaka ya 1990, kutoka Gujarat, Kerala na kwingineko, na ambao hawana kumbukumbu yoyote ya Uganda ya zamani. Kila utakapokutana na alama fulani, jiulize kwanza ni ya mkondo upi. Bila swali hilo utamwuliza mhasibu aliyewasili juzi habari za mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia, naye atakutazama tu.

Anza na masikio

Siku ya kwanza usiende popote penye sifa. Kaa sokoni au kwenye kituo cha mabasi, sikiliza, na uandike. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati katika jambo hili, kwa sababu nusu ya kazi tumekwisha kuibeba kinywani. Gari ni neno la Kihindi, bima pia, pesa inatokana na paisa, laki ni hesabu ya Kihindi ya mia moja elfu, bepari, kabla ya kugeuzwa tusi la kisiasa, alikuwa mfanyabiashara tu katika lugha za Gujarat na Kaskazini mwa India. Karai la kukaangia limekuja na jina lake. Kachumbari vilevile.

Kinachovutia zaidi ni jinsi maneno hayo yalivyobadilika yalipoingia katika Kiganda. Gari limekuwa *eggaali*, lakini katika Kiganda *eggaali* ni baiskeli, na treni ni *eggaali y'omukka*, yaani gari la moshi kama tulivyozoea kusema pwani. Duka limekuwa *edduuka*. Kuhusu neno hilo wataalamu hubishana iwapo lilitoka moja kwa moja katika Kiarabu au lilipitia Kihindi, na huo ni ukumbusho mwema kwamba mfanano wa sauti peke yake hautoshi kuwa ushahidi. Mahindi ni onyo kubwa zaidi: jina linaonyesha kidole India, ilhali mmea wenyewe ni wa Marekani ya kale, na Waganda wanauita *kasooli*. Fenesi, kwa upande wake, ni ushahidi mzuri kweli. Mti wenyewe asili yake ni kusini mwa India, jina lake linafanana na *phanas* la Wamarathi na Wagujarati, na leo ni vigumu kupita barabara ya Masaka au ya Jinja bila kuona mafenesi yamepangwa kando ya njia, yakiuzwa mazima au kwa vipande, na Mganda akiyaita *ffene* kana kwamba yaliota katika shamba la babu yake tangu enzi na enzi.

Kwa hiyo weka kanuni hii katika daftari lako: kwa kila neno andika kitu chenyewe, jina lake katika Kiswahili, jina lake katika lugha ya mahali ulipo, na matumizi yake ya sasa. Jina na kitu vikitoka mahali pamoja, una ushahidi wa kutosha. Vikitofautiana, andika tofauti hiyo na usilazimishe.

Kisha kula, na ule ukitazama

Hapa usiwe na haraka. Tafuta kibanda cha chapati asubuhi na mapema, kabla foleni haijaanza, na uombe ruhusa ya kusimama kando na kutazama. Eneo la Wandegeya, chini ya chuo kikuu cha Makerere, lina vibanda vingi, kwa kuwa wanafunzi ndio wateja wakubwa. Mkaangaji atakanda unga wa ngano kwa maji, chumvi na mafuta, na wengine huongeza karoti au kitunguu kilichokunwa. Ataukata madonge, atayaacha yapumzike, kisha atasukuma kila donge na kulikaanga juu ya chuma bapa kilichowekwa kwenye jiko la mkaa, akimimina mafuta pembeni na kulizungusha kwa viganja.

Sasa linganisha. Ukialikwa katika nyumba ya Wagujarati utaletewa *rotli*, mkate mwembamba sana, usiokaangwa kwa mafuta, unaovimba juu ya moto na kupakwa samli baada ya kuiva. Chapati ya Kampala si hiyo. Ni nene, imekaangwa, na ukiichana utaona ina ukaribu zaidi na *paratha*, mkate wa mafuta wa Punjab na Kaskazini mwa India. Jina la mkate mmoja limevalishwa mkate mwingine. Mabadiliko ya namna hii ndiyo ya kutafutwa, kwa sababu yanaonyesha kwamba watu hawakunakili tu, bali walichagua kile kinachoshibisha mtu anayekwenda kubeba mizigo.

Ngoja sasa mteja aagize roleksi. Mkaangaji atapiga mayai mawili pamoja na kitunguu, nyanya na kabichi iliyokatwa nyembamba, atayamimina kwenye chuma, atalaza chapati juu yake kabla hayajakauka, atageuza, kisha atakunja yote kama mkeka. Jina lenyewe limetokana na maneno ya Kiingereza yanayoeleza mayai yaliyokunjwa, wala halihusiani na saa ya mkononi. Hicho ni chakula cha Uganda, na Mhindi wa Ahmedabad akikiona ataomba aelezwe ni nini. Ndivyo ilivyo pia kwa kikomando, yaani chapati iliyokatwa vipande na kuchanganywa na maharage, chakula cha mwenye fedha kidogo na njaa kubwa, ambacho kimeiondoa chapati mezani pa wageni na kuiketisha palipokuwa pa posho, yaani ugali.

Usiondoke bila chai. Ukiingia katika mkahawa wowote wa Kampala, orodha ya vinywaji itakuwa na kitu kinachoitwa chai ya Kiafrika. Agiza. Utaletewa majani yaliyochemshwa pamoja na maziwa na tangawizi, pengine na iliki, katika sufuria moja, yaani chai ya Kihindi katika kila hatua ya upishi wake! Chai ya rangi, isiyo na maziwa, Waganda huiita chai kavu. Nimekuwa nikiwauliza wahudumu kwa miaka kadhaa ni kwa nini chai ya maziwa ikaitwa ya Kiafrika, na hadi leo jibu la kawaida ni kwamba ndiyo tunayokunywa sisi. Kwa maoni yangu jibu hilo linatosha kabisa.

Sambusa, ambayo Kiganda kinaiita *sumbuusa*, bagia, pilau na kababu unaweza kuvionja kwa kupita. Hivyo tunashiriki na pwani nzima, na vilipitia Uswahilini kabla ya kufika Kampala, kwa hiyo havitakuambia mengi juu ya Uganda peke yake.

Tazama gomesi kwa makini

Omba mwaliko wa *kwanjula*, yaani sherehe ya utambulisho wa bwana arusi kwa wazazi wa binti, au nenda mahali panaposhonwa gomesi. Vazi hili la wanawake wa Buganda na Busoga, linaloitwa pia *busuuti*, lina shingo ya mraba, mabega yaliyochongoka kwenda juu, vifungo viwili upande wa kushoto na mshipi mpana unaofungwa chini ya kiuno, na ndani yake huvaliwa kitambaa kizito cha kulishikilia umbo. Linahesabiwa kuwa vazi la heshima na la jadi. Jina lake, hata hivyo, ni la fundi wa Kigoa aliyeitwa Gomes, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 alihusika na ushonaji wa vazi hili kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza. Fundi alikuwa wa India iliyotawaliwa na Wareno, shule ilikuwa ya wamisionari Waingereza, na kabla ya hapo wanawake walijifunga magome ya mti wa mutuba yaliyopondwa. Ukimwuliza bibi aliyevaa gomesi kama vazi lake ni la Kihindi, atacheka, na ana haki ya kucheka. Uliza badala yake nani alimshonea, kitambaa alikinunua wapi, na kwa nini alichagua hicho. Mara nyingi majibu yatakurudisha kwenye duka la vitambaa la Mhindi katikati ya jiji.

Mkondo huo ulipita pia kinyume. Sugra Visram, aliyeolewa katika ukoo wa Allidina Visram na kuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza katika bunge la Uganda huru, alikuwa mwanachama wa Kabaka Yekka, chama cha kumtetea mfalme wa Buganda, alizungumza Kiganda na alijulikana kwa kuvaa *busuuti*.

Barabara ya Jinja na sukari yake

Kutoka Kampala hadi Jinja ni takriban kilomita 80. Usilale garini. Baada ya Mukono utafika Lugazi, ambako Nanji Kalidas Mehta alianzisha kiwanda cha sukari mwaka 1924, na kutoka hapo miwa inafuatana na barabara hadi kwenye msitu wa Mabira. Mashariki ya Jinja iko Kakira, kiwanda cha ukoo wa Muljibhai Madhvani kilichoanza kusaga miwa mwaka 1930. Zingatia jina Muljibhai. Hiyo *-bhai* ya mwisho maana yake ni ndugu, kama *-ben* ya majina ya kike inavyomaanisha dada, na ukiikuta juu ya kibao cha duka la zamani umekwisha kujua kwamba mwenye duka alikuwa Mgujarati.

Katika vijiji vya Busoga tafuta pia vinu vidogo vinavyotengeneza sukari guru. Neno guru ni *gur* ya Kihindi. Wakulima wengi huuza miwa yao huko badala ya viwandani, na ugomvi wa bei kati ya pande hizo mbili haujawahi kupoa.

Jinja yenyewe ni kitabu kilichofunguliwa, ila kisomwe kwa kuinua macho. Simama upande wa pili wa Barabara Kuu, usitazame vibao vya rangi vya chini, tazama ukingo wa juu wa kila jengo. Huko utaona mwaka wa ujenzi na mara nyingi jina la mwenye nyumba, vimechongwa katika saruji. Nakili vyote viwili. Ukifika mwisho wa barabara panga miaka hiyo kwa mfuatano, nawe utaona kwa macho yako ni lini fedha za pamba zilijenga mji huu na ni lini ujenzi ulipungua.

Baada ya hapo shuka chini kwa macho hatua kwa hatua. Chini ya ukingo kuna baraza iliyofunikwa, inayomlinda mteja dhidi ya jua na mvua. Nyuma ya baraza kuna milango ya mbao inayokunjwa na kufungua duka lote kwa upana. Nyuma ya duka, au juu yake, kuna vyumba vya familia na ua wa ndani. Nyumba na kazi vilikuwa chini ya paa moja, na mke na watoto walikuwa ndio wasaidizi wa duka. Ukikuta juu ya ukuta alama ya msalaba uliokunjwa ncha zake, usishtuke wala usifikirie Ujerumani ya Hitler. Ni alama ya heri ya Wahindu, iliyotumika kwa maelfu ya miaka kabla ya kunajisiwa. Hilali na nyota humwonyesha Mwislamu.

Majengo mengi yana wapangaji wapya, na mengine yana kesi. Omba ruhusa kabla ya kuingia uani na kabla ya kupiga picha, na useme wazi kwamba hupimi nyumba wala hufuatilii hati. Katika mji huu mgeni mwenye daftari anayetazama nyumba za Wahindi anaweza kudhaniwa kuwa mjumbe wa mwenye nyumba wa zamani, na mlango ukifungwa kwa shaka hiyo haufunguki tena.

Jioni nenda kwenye bustani za chanzo cha Nile. Sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilitiwa katika mto huu mwaka 1948, na sanamu ya kichwa na mabega yake ilizinduliwa hapo mwaka 1997 na waziri mkuu wa India wa wakati huo, Inder Kumar Gujral. Gandhi hakuwahi kufika Uganda akiwa hai. Hata hivyo, kwa tendo hilo mto wa Busoga uliingia katika safu ya mito iliyopokea majivu yake.

Sasa nenda kwenye nyumba za ibada

Ukirudi Kampala utazitazama kwa jicho lingine. Katika hekalu la Wahindu vua viatu, usiingie na nyama, pombe au tumbaku, na uliza kabla ya kupiga picha mahali palipo na sanamu. Katika *gurdwara* ya Masingasinga kila mtu hufunika kichwa, mwanamume kwa mwanamke, na mtu hakai akielekeza nyayo zake kwenye kitabu kitakatifu. Huko kuna *langar*, chakula kinachotolewa bure kwa yeyote aketiye chini pamoja na wengine. Ukialikwa, kula, na usiache mabaki. Jamatkhana ya Waismailia ni tofauti: wakati wa sala ni ya Waismailia peke yao, kwa hiyo omba miadi ya kuiona nje ya saa hizo. Beba kitambulisho, kwani walinzi wa milangoni watakiomba.

Kama ratiba yako inakuruhusu kuchagua msimu, chagua kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Novemba, wakati wa sikukuu za Kihindu za Navaratri na Diwali. Tarehe hubadilika kila mwaka kwa sababu hufuata mwezi.

Namna ya kuzungumza, hasa kuhusu 1972

Kabla ya kuanza mazungumzo katika familia ya Wagujarati, jihadhari na maneno matatu. Kwetu kaka ni ndugu wa kiume. Kwao *kaka* ni baba mdogo. Kwetu dada ni ndugu wa kike. Kwao *dada* ni babu mzaa baba. Na *mama*, jambo ambalo hunifurahisha kila mara, ni mjomba. Mzee wa Kihindi aliyezaliwa Uganda atakuelewa bila shida, kwa kuwa wengi wa rika lake wanazungumza Kiswahili na Kiganda. Lakini mgeni kutoka India akisikia unamwita mkewe mama, atahitaji maelezo.

Ama kuhusu kufukuzwa, jua mambo ya msingi kabla ya kuuliza. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke, na muda uliowekwa ulikuwa siku 90. Amri ilianza kwa wenye pasipoti za Uingereza, ikapanuliwa kwa raia wa India, Pakistan na Bangladesh, na wengi waliokuwa na uraia wa Uganda waliambiwa hati zao ni batili. Makumi ya maelfu waliondoka wakiwa na mizigo ya mkononi na fedha kidogo. Uingereza ilipokea zaidi ya 27,000, Kanada maelfu kadhaa, na wengine walitawanyika India na kwingineko. Mali zao zilichukuliwa na serikali na kugawiwa. Sheria ya mwaka 1982 ilifungua njia ya kurudishiwa, na urejeshaji wenyewe ulishika kasi katika miaka ya 1990.

Usianze kwa kuuliza walipoteza nini. Anza na duka: lilikuwa mtaa gani, liliuza nini, nani walikuwa wateja. Mtu akianza kueleza rafu za duka lake mwenyewe atafika Novemba 1972 kwa mwendo wake, na akisita, mwache.

Lakini kuwasikiliza waliofukuzwa peke yao ni kufanya nusu ya kazi. Zungumza pia na wazee Waganda na Wasoga waliokuwa wakulima wa pamba, ambao watakueleza jinsi vinu vya kuchambulia pamba vilivyokuwa mikononi mwa Wahindi na Wazungu, jinsi mizani ilivyosomwa na mwenye mizani, na jinsi serikali ya kikoloni ilivyopanga biashara kwa rangi. Malalamiko hayo yalilipuka mapema: mwaka 1959 Augustine Kamya na wenzake waliongoza mgomo wa kutonunua katika maduka ya Wahindi wa Buganda. Mwaka 2007 tena, maandamano ya kupinga kukatwa kwa sehemu ya msitu wa Mabira ili kupanda miwa yaligeuka kuwa mashambulizi dhidi ya Wahindi mitaani Kampala. Wazee wetu walisema Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Methali hiyo ina dharau na utegemezi kwa pamoja, na ukiinukuu mbele ya Mhindi uwe tayari kuijadili.

Swali moja zuri la kuwauliza wote ni hili: Mhindi wa Uganda ni kabila la Uganda? Katiba ina orodha ya jamii za asili zilizokuwamo ndani ya mipaka ya nchi kufikia tarehe 1 Februari 1926. Wahindi walikuwapo siku hiyo, na maduka yao yalikuwa wazi, lakini hawamo katika orodha.

Yaliyobaki nje ya barabara

Yako mambo mawili ambayo msafiri huyapita bila kuyaona. La kwanza ni sheria. Waingereza waliitawala Uganda kwa sheria nyingi zilizotungwa kwa ajili ya India, na sheria ya ushahidi inayotumika mahakamani Uganda imezaliwa na Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872. La pili ni kriketi. Uganda ilifuzu kwa mara ya kwanza kucheza Kombe la Dunia la mtindo mfupi la mwaka 2024, na kikosi kilichoifunga Papua New Guinea kilikuwa na Alpesh Ramjani na Dinesh Nakrani bega kwa bega na Brian Masaba na Frank Nsubuga. Ukipata mechi katika uwanja wa Lugogo, nenda, hata kama hujui kanuni za mchezo.

Mwisho tenga asubuhi moja kwa ajili ya karatasi. Hifadhi ya nyaraka za taifa iko Wandegeya, na maktaba kuu ya Makerere iko juu kidogo ya mlima. Katika sehemu zote mbili utahitaji barua ya utambulisho, kwa hiyo iandae kabla hujasafiri. Peleka orodha yako ya majina na miaka uliyonakili kwenye kingo za majengo ya Jinja, na uombe msaada wa kuyatafuta katika leseni za biashara na magazeti ya zamani. Magazetini anza na *Uganda Argus* ya Septemba 1972. Humo halmashauri ya jiji la Leicester, Uingereza, ililipia tangazo la kuwasihi Wahindi wa Uganda wasiende kuishi huko. Walikwenda, na hadi leo ukiingia katika duka la vyakula la Kigujarati mjini Leicester unaweza kuomba *mogo*, yaani muhogo, na *matoke* kwa majina hayo hayo, na mwenye duka akafahamu unachotaka bila kuuliza umetoka wapi.